Iliki ya Kumi la Mwisho

Mtoto anayekulia mjini Unguja leo anaweza kudhani harufu ya Sikukuu ni vanila, na hana kosa, maana ndiyo anayoikuta jikoni. Iliyotangulia ni iliki, nayo ilianza kusikika kumi la mwisho la Ramadhani, kabla hata unga haujakandwa. Visheti vya shira, vileja vya unga wa mchele na samli, mkate wa mayai uliopaliwa makaa juu na chini: kila kimoja kilitaka mkono wake, lakini vyote vilipita kwenye kinu kile kile cha iliki. Karafuu, pamoja na jina lote ililoipa Pemba, haikuwa na nafasi hapo. Yake ilikuwa pilau na chai.

Husemwa kwamba dhiki ndiyo iliyoyaua mapishi haya. Sikubali. Foleni za unga na sukari wengine wanaziweka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengine mwanzoni mwa ile ya 1980, na wote wana haki, kwa kuwa Unguja ilizionja kabla ya bara. Vyovyote iwavyo, kilichoadimika ni unga na sukari. Iliki inaota hapa hapa visiwani. Sinia ilipungua vitu, haikupungua harufu. Iliyoishusha iliki ni neema. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 madukani mkajaa kila kitu, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio: iliki ya unga kwenye pakiti, vichupa vya arki ya vanila, oveni, keki za kuagiza kwa simu.

Ataulizwa mama anayetoka kazini magharibi, atasema hana muda wa kutwanga. Muda wake nauheshimu, lakini tuutazame ulikokuwa ukienda. Kazi iliyokata mikono ilikuwa kupiga mayai na sukari mpaka yaumuke yawe meupe, na hiyo mashine ya umeme imeibeba vizuri, sina ugomvi nayo. Kutwanga iliki ni dakika tano. Wengine watasema ya pakiti ni iliki ile ile. Siyo. Harufu ya iliki ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya punje. Ukishaivunja yanaanza kuruka, na unga uliokaa rafuni miezi umebaki vumbi lenye jina la iliki. Kuhusu bei nakiri: iliki ni ghali, na arki ya vanila ya dukani, ambayo kwa kawaida ni ya kiwandani wala haijaona tunda la mvanila, ni rahisi. Ila iliki iliyotwangwa papo hapo hutosha kidogo tu, ile ya pakiti humiminwa kijiko baada ya kijiko na bado mkate unanuka mayai.

Wajuzi walikuwa na namna yao. Ganda lilipasuliwa kwa kucha, zikatoka punje nyeusi zenye kunata, zikatiwa kinuni pamoja na kijiko cha sukari. Chembe za sukari zilisaidia kusaga, tena zikayanywa yale mafuta yasipotee, na sukari hiyo ndiyo iliyoingia kwenye unga. Maganda hayakutupwa. Yalitiwa kwenye birika, ikawa chai ya usiku wa kuamkia Sikukuu. Pakiti haina ganda la kutia birikani.