SIMU YA KWENDA NAYO MACHIMBONI
Kutoka Shinyanga hadi Nyarugusu

Kila mtu ana ulevi wake. Wako wapendao ng'ombe, wako wapendao baiskeli. Mimi napenda simu. Mfukoni mwangu huwa zimo mbili, na ndani yake laini nne. Kampuni ikitoa kifurushi kipya asubuhi, ifikapo jioni nimekwisha kukipigia hesabu. Majirani zetu hapa Shinyanga wajua hivyo, na atakaye kununua simu huja kwangu kuuliza. Basi nilijiona mjuzi. Safari nitakayowasimulia leo, wasomaji wapenzi, ilinivua ujuzi huo ikanivika mwingine ulio bora.

Mvua zilipoanza, dada yangu alikuja kwangu alfajiri hata sijanawa uso. Mwanawe wa pili ni mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, Mkoa wa Geita. Siku tatu simu yake ilikuwa haipatikani. Na katika mikoa yetu hii, mvua na maduara ya dhahabu ni maadui wa zamani. Nani amesahau Nyangarata, Wilaya ya Kahama, mwaka 2015? Wachimbaji watano walitolewa humo wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, hali mwenzao mmoja alikwisha kufariki. Na mwezi wa Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, ulititia na kuwafukia watu 25. Mama mwenye mtoto machimboni hahitaji kukumbushwa mambo hayo. Simu ikinyamaza, yeye huyaona yote mbele ya macho yake.

Siku ya nne kijana akapiga. Hakufukiwa, wala hakuwa mgonjwa. Chaji ilikuwa imekwisha, na kifurushi nacho kimepita muda. Dada alicheka, kisha akalia. Akanigeukia, akasema: “Kaka, wewe ndiwe mjuzi wa simu. Mpelekee mpwa wako simu isiyonyamaza.”

DUKANI

Shinyanga ni mji uliozoea vitu ving'aavyo. Si mbali na hapa ni Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Labda ndiyo sababu madukani mwetu simu hupangwa ndani ya vioo, kila moja ikimeremeta kama jiwe lililokatwa. Lakini si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa simu iliyokwisha kutumika, bei nafuu, kioo safi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, serikali ilipozima simu bandia nchini, yangu nayo ikazimika. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kubonyeza *#06#. Hutokea namba ya tarakimu 15, ambayo ndiyo kitambulisho cha simu. Ilinganishe na iliyoandikwa katika boksi, kisha itume kwenda 15090 upate jina la aina ya simu hiyo. Jina likitofautiana na ulichoshika mkononi, irudishe kabla hujatoa fedha. Rahisi huvunja upishi.

Baada ya kupima hayo yote nilimchagulia kijana simu janja nzuri: kioo kipana, kamera tatu, nafasi ya kutosha. Kusema kweli, nilichagua ile ambayo ningeitaka mimi.

BARABARANI

Tuliondoka kwa basi saa kumi na mbili asubuhi. Simu zangu mbili nilizishika mkononi, kila moja na laini ya kampuni yake, na daftari dogo magotini. Kila tuliposimama niliandika ni mistari mingapi ya mtandao. Tinde, zote nzuri. Isaka, penye bandari ya nchi kavu, zote nzuri. Kahama, mji ambao dhahabu imeukuza mbele ya macho yetu, hata video zilikwenda bila kukatika.

Tulipoiacha Kahama na kuelekea Kakola, upande wa mgodi wa Bulyanhulu, mambo yakageuka. Laini ya kwanza ilishuka hadi mstari mmoja. Ya pili ikakaza. Mbele kidogo kuelekea Bukoli zikabadilishana: ya pili ikazima, ya kwanza ikaamka. Abiria aliyekaa karibu nami, mama mwenye gunia la michembe, aliniuliza kama mimi ni mtu wa minara. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa kupoteza muda tu, akacheka.

Lakini daftari lile lilinifundisha jambo. Watu huulizana, “Mtandao gani ni bora?” Swali hilo halina jibu mpaka useme wapi. Mawimbi ya simu yana tabia zake. Ya masafa ya chini, kama yale ya 700, 800 na 900, hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya masafa ya juu, kama 1800 na 2100, hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema. Kwa hiyo mjini utasifu kampuni hii, na kijijini utaisifu ile yenye mnara karibu. Tena ziko simu, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, zisizopokea baadhi ya masafa hayo. Unaweza kununua simu ya bei kubwa, ukafika kijijini ukaona jirani mwenye simu ya bei ndogo anaongea, wewe huna hata mstari.

Minara yaongezeka. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchini. Hata hivyo, mnara ulio njiani hausaidii leo. Kabla ya kununua laini, waulize wakaao huko uendako.

NYARUGUSU

Nilimkuta mpwa wangu karibu na karasha, mwili mzima mweupe kwa vumbi la mawe. “Shikamoo, mjomba!” “Marahaba. Mama yako amenituma.” Nikatoa boksi kwa fahari. Akanawa mikono, akaifungua simu polepole, akaigeuza huku na huku. Wenzake wakakusanyika. Kisha akaniuliza kwa adabu: “Mjomba, hii hukaa na chaji siku ngapi?”

Nikamwambia siku moja, ukiitumia vema moja na nusu. Wakatazamana. Kambini kwao umeme wa kuchajisha ni kibanda chenye sola, nako kuna foleni. Kijana hushuka duarani asubuhi, hupanda jioni, amelowa tope hadi kiunoni. Huko chini simu yoyote ni bubu, hata ingekuwa na kamera kumi, maana mawimbi hayapenyi makumi ya mita za mwamba. Akiiacha juu, yaweza kuibwa. Akishuka nayo, maji na mawe yataivunja kioo kabla ya mwezi kwisha.

Jioni tulikaa kwenye gogo tukapiga hesabu ya vifurushi vyake. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi alinunua kifurushi cha saa 24. Saa kumi kati ya hizo yuko chini ya ardhi. Saa nane amelala. Alilipia siku nzima, akatumia saa sita. Siku asipokuwa na fedha ya asubuhi, hana kitu hadi kesho yake. Kifurushi cha siku kinafaa kwa dereva wa bodaboda na mwenye duka. Kwa mtu wa duarani ni ndoo iliyotoboka.

Tukabadili. Yeye anataka kuongea na mama yake, kutuma fedha, na kupata ujumbe. Hayo hayahitaji gigabaiti nyingi. Video ya ubora wa kati yaweza kula karibu megabaiti 700 kwa saa moja. Ujumbe wa maandishi wa mwaka mzima hauli hata hizo. Basi anunue kifurushi cha dakika cha wiki au cha mwezi, na data kidogo. Zipo pia kampuni zinazouza vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Kwa mchimbaji ambaye kipato chake huja leo na kupotea wiki mbili, hivyo vyafaa hata kama dakika zake ni chache kuliko za kifurushi cha siku. Tena, tangu mwezi Machi 2017 mtu aweza kuhama kampuni bila kubadili namba yake. Usivumilie mtandao usioshika kwako kwa sababu tu ndugu wote wanaijua namba ile.

Na simu je? Kesho yake tulikwenda sokoni tukanunua kitochi chenye laini mbili, cha vitufe, chenye tochi, kinachokaa na chaji siku nne. Hicho ndicho chake. Ile simu janja haikurudi Shinyanga. Kikundi chao cha watu sita waliichanga fedha wakainunua kwangu, ikae juu kwa mama anayewapikia, aliye na sanduku la kufuli. Kwa nini? Kwa sababu ya bei ya dhahabu. Duniani dhahabu huuzwa kwa aunsi ya gramu 31.1, kijijini dalali hununua kwa gramu au kwa kukisia. Mwenye kujua bei ya siku hiyo hapunjwi. Tangu mwaka 2019 mji wa Geita una soko la madini ambamo mtu hupima na kuuza mbele ya watumishi wa serikali. Lakini kabla ya kulipa nauli ya kwenda huko yafaa ujue kama safari inalipa, na hapo simu janja moja yatosha watu sita.

Nilimwachia pia maonyo mawili. Abonyeze *106# aone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Na akipata ujumbe wa “ile fedha tuma kwa namba hii”, asitume. Aupeleke ujumbe huo kwenda 15040.

KURUDI

Nilirudi kwa njia ya Geita na Sengerema, nikavuka Ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Zamani tulisubiri kivuko hapo, mara nyingine saa nzima na zaidi. Sasa ni dakika chache, na katikati ya daraja, maji kulia na kushoto, simu zangu zote mbili zilikuwa na mistari kamili.

Lakini jambo kubwa nililolileta nyumbani halikuwa simu. Lilikuwa ni ahadi. Tulipatana na kijana kwamba kila siku saa mbili usiku, akiisha kuoga, atampigia mama yake walau nusu dakika. Namba ya yule mama mpishi na ya mwenye duara tumeziandika ukutani kwa dada. Siku kijana asipopiga, hatuketi kusikiliza sauti ya mtandao. Tunapiga kwa hao.

Jioni niliyofika, dada aliketi kizingitini, kitochi chake mapajani. Nilianza kumweleza habari za masafa na gigabaiti, naye akaitikia kwa heshima tu, macho hayatoki kwenye kile kioo kidogo. Saa mbili ikapita kwa dakika tatu. Nne. Nikanyamaza mimi pia. Kisha simu ikalia.

“Mama, nimepanda salama.”

Dada akainuka, akaenda kupakua chakula.