Shubiri na Subira: Eda ya Shangazi Lamu

Basi la kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, kisha husimama Mokowe, ambako nchi kavu humalizika na bahari huanza. Hapo msafiri hushuka na mzigo wake, akapanda boti, na baada ya muda mfupi huiona Lamu mbele yake: kuta nyeupe, minara ya misikiti, na punda wakingojea mizigo kando ya bahari. Tangu mwaka 2001 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni wengi huja kuitazama milango yake ya nakshi. Mimi safari hiyo sikwenda kutazama milango. Nilikwenda kukaa na shangazi yangu, aliyekuwa katika wiki ya tatu ya eda.

Nyumba yake iko Mkomani, katika kichochoro ambacho punda wawili hawawezi kupishana. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zenye kuhifadhi ubaridi. Katikati mna kiwanda, ule uwanja mdogo usio na paa ambao huziletea nyumba za kale za Lamu mwanga na hewa. Nilitarajia kumkuta shangazi amelala. Nilimkuta ameketi mkekani kiwandani, amevaa nguo isiyo na pambo, bila udi wala wanja, na mkononi ana kisu.

Mbele yake palikuwa na mti ambao wengi huuita waridi la jangwani. Huota wenyewe katika nyika kavu za Kenya. Kitako chake huvimba kama mtungi kwa kuweka akiba ya maji, na maua yake ni mekundu ya kupendeza. Marehemu mumewe aliupanda miaka mingi iliyopita. Wakati wa maradhi yake hakuna aliyeukumbuka, mvua za masika zikaujaza maji chunguni, na kitako kikaoza. Shangazi alikuwa akiyakata matawi yaliyosalia mazima.

"Mti hauponi," aliniambia, "lakini matawi yana uhai."

Alikata matano, kila moja lenye urefu wa kiganja. Kila alipokata aliutazama moyo wa tawi. Palipokuwa na doa la kahawia alikata tena juu zaidi, mpaka pakawa peupe. Alikipangusa kisu kila mara, kisha akanawa mikono kwa sabuni, kwani utomvu wa mti huu ni sumu, na katika sehemu nyingine za Afrika wawindaji waliupaka mishaleni. Mwenye watoto nyumbani asisahau jambo hilo.

Niliinuka nichote maji. Akanizuia.

"Viate vikauke kwanda, mwanangu. Usivipe mai."

Nikakumbuka vipandikizi vyangu vya Mombasa, vilivyooza vyote. Nilikuwa nikivikata asubuhi na kuvimwagilia adhuhuri, nikidhani kiu ndiyo adui. Kumbe mimea ya majani na mashina manono hubeba maji yake yenyewe. Jeraha likitiwa maji kabla halijafunga, uozo huingia. Likiachwa kivulini siku tano hata wiki, hufanya gamba, na chini ya gamba hilo ndipo mizizi huanza. Nilipomweleza, shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Uliviua kwa huruma," akasema.

Pembeni palikuwa na madebe ya shubiri. Hiyo haipandwi kwa jani, kwani jani la shubiri likichomekwa udongoni mara nyingi huoza tu. Hupandwa kwa watoto wanaochipuka ubavuni mwa mama yao. Mtoto hungojewa mpaka awe na mizizi yake, ndipo atenganishwe. Sote tunajua ladha yake, na methali zetu haziachi kuitaja kwa uchungu. Ila shangazi alinikumbusha jambo nililosoma chuoni utotoni nikalisahau: katika Kiarabu, jina la mmea huu na neno la subira hujengwa kwa herufi zile zile tatu, sadi, bee na ree.

Baada ya wiki tuliyapanda matawi. Alichanganya mchanga wa mto mafungu mawili na udongo fungu moja. Mchanga wa pwani hakuutaka kwa sababu ya chumvi. Vyungu vilikuwa na matundu chini, na juu ya matundu aliweka vigae. Akaviweka mahali penye mwanga bila jua kali, na maji akayatia kidogo siku chache baadaye, kisha tena pale tu mchanga ulipokauka kabisa.

Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyokuja katika Suratul Baqara, aya ya 234. Nilirudi ilipokwisha. Nilimkuta shangazi ameoga, amejifunga leso mpya, na nyumba inanukia udi. Alinishika mkono akanipeleka kiwandani. Katika matawi matano, matatu yalikuwa yamekufa. Mawili yalikuwa na majani mapya.

"Hayatakuwa na kitako kama cha mama yao," alisema. Ndivyo ilivyo: mti wa waridi hili uliotokana na tawi kwa kawaida haupati uvimbe ule mkubwa wa uliotokana na mbegu. "Lakini ua litakuwa lile lile alilolipenda."

Akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akaniuliza kama nimekula.

Chungu kimoja alibaki nacho. Cha pili nilikipakata botini, na basini nikakiweka miguuni mpaka Mombasa. Bado hakijatoa ua. Kipo barazani, mahali panapopata jua la asubuhi, na kila Ijumaa baada ya sala shangazi hunipigia simu, akaniuliza hali yangu, hali ya watoto, kisha hali ya mti.