Mzinga Niliopigwa Orlando

Kwetu ni Mzinga, Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Jina hilo limenitesa tangu nihamie Houston. Kila Mtanzania akinisikia nikilitaja, lazima aulize: "Kumbe nyie ndio mnaotupiga mizinga?" Nyumbani ukitaja Mzinga, watu wanawaza mto unaoshuka milimani kwenda bwawa la Mindu, au Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi kilicholitangaza jina letu nchi nzima. Mtu wa ughaibuni anawaza meseji ya WhatsApp ya saa kumi alfajiri: "Shikamoo kaka, kuna jambo dogo."

Nimepigwa mizinga ya ada, ya bati, ya mahari. Hakuna hata mmoja ulionifilisi. Mkubwa kuliko yote nilipigwa Orlando, Florida, mwaka 2016, na kijana mwenye suti aliyeanza kwa kunilisha.

Tulikuwa tumewapeleka watoto kumwona Mickey. Pale hotelini mama mmoja akatuahidi tiketi mbili za bure tukikubali kukaa dakika 90 kusikiliza maelezo. Tulikaa saa nne na nusu. Meza ilikuwa ya duara, yenye kioo juu, na sahani za kifungua kinywa. Soseji zilikuwa za bata mzinga. Ningekuwa mtu wa kusoma dalili, ningeondoka palepale. Kijana akachukua karatasi nyeupe, akachora mistari miwili: huu fedha unazotupa hotelini kwa miaka 20, huu fedha "unazowekeza". Neno ada halikuandikwa popote. Mke wangu akanigusa goti chini ya meza. Nikadhani ananitia moyo.

Nilichonunua wenyewe tunakiita taimushea. Ni nyumba ya zamu: chumba kimoja cha risoti kina wiki 52, kila wiki ina mwenyewe, na kila mwenyewe anaambiwa amenunua nyumba. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960, kwenye vijiji vya kuteleza theluji milima ya Alps, ikavuka bahari na kunenepa Florida. Bei ya kununua unailipa mara moja, lakini ada ya matengenezo inakuja kila mwaka, uende usiende, na haishuki. Siku hizi wastani wake Marekani ni zaidi ya dola 1,000 kwa wiki. Yangu ilishafika 1,190 mwaka 2018. Kuitoka ndiyo kazi. Wiki kama yangu zinatangazwa mtandaoni kwa dola 1, na mnunuzi hatokei, kwa sababu anayeinunua ananunua na hiyo ada.

Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kufuta mkataba kwa maandishi bila kutoa sababu yoyote. Imeandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Mimi niliisoma siku ya 26.

Mwaka 2018 nilikwenda nyumbani, nikakaa barazani na mjomba, kaka yake mama, katikati yetu sahani ya magimbi ya kuchemsha na birika la chai ya tangawizi. Nikajaribu kumweleza.

"Mjomba, hiyo nyumba ni yako?"

"Ni yangu wiki moja kwa mwaka, mjomba."

"Na wiki nyingine?"

"Za wenzangu."

"Wa ukoo gani?"

"Siwajui, mjomba. Hatujawahi kuonana."

Akaweka kikombe chini. "Wazee wako mwaka 1955 walikataa kuchimba matuta ya Mwingereza. Wewe umekwenda mwenyewe kutafuta kazi ya kila mwaka kwenye ardhi ya watu?" Alikuwa anacheka, lakini historia yake ilikuwa sahihi. Mpango wa kikoloni wa kuhifadhi udongo uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani, kazi ngumu ambayo wengi hawakuona faida yake, na mwaka huo 1955 watu wakaamka kuupinga hadi ukafa.

Kisha akauliza swali ambalo yule kijana wa Orlando aliliogopa: "Ukifa, inakwenda kwa nani?"

Kwetu jibu la swali hilo linajulikana kabla mtu hajazaliwa. Uluguruni ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Nyumba yangu ya vyumba vinne nimeijenga kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Mke wangu ni mtu wa Bukoba. Kwa mila, basi, wanangu si wa ukoo wangu, na nikiondoka kiwanja kile ni cha watoto wa dada zangu. Ya Orlando ni kinyume chake: hati yangu inasema haina mwisho, inarithiwa. Maana yake kitu pekee cha kudumu nilichowaandalia wanangu ni ankara. (Sheria za huko zinamruhusu mrithi kukataa urithi kwa maandishi. Nimewaambia wangu wakatae, na mkubwa amesema hakuhitaji kuambiwa.)

Nilimjibu mjomba kwamba inakwenda kwa watoto. Akasema, "Masikini."

Usiku ule nilishindwa kulala, nikafanya hesabu ambayo tuliojenga nyumbani huwa tunaikwepa. Orlando ni dola 1,190 kwa usiku saba: dola 170 kwa usiku, tiketi ya ndege bado. Nikageukia Mzinga. Binamu anayelinda nalipa shilingi 150,000 kwa mwezi. Bati, LUKU, kufyeka nyasi na kuwafukuza popo darini ni kama laki nne kwa mwaka. Jumla milioni 2.2, na mimi nakuja wiki tatu kila baada ya miaka miwili. Gawanya milioni 4.4 kwa usiku 21: zaidi ya laki mbili kwa usiku. Kwa laki mbili nalala hoteli safi Morogoro mjini, chai naletewa, na hakuna friji iliyokufa wala mashuka yenye vumbi ya kukung'uta usiku wa kwanza.

Nilikuwa na nyumba mbili za zamu. Ya Mzinga nilikuwa sijaitambua tu, kwa sababu hakuna aliyenilisha soseji.

Ndiyo maana nawaonea huruma kidogo wenzangu wanaocheka habari ya Orlando huku jumba lao la ghorofa limefungwa mwaka mzima Kibaha au Kigamboni, linalindwa na kijana anayeoga kwenye bafu lao la kwanza kabla yao. Nyumba isiyolaliwa inakula popote ilipo.

Ile ya Mzinga nimetia kufuli chumba kimoja, vitatu amepanga mwalimu na familia yake. Mjomba aligoma mwezi mzima: nyumba ya ukoo haipangishwi. Alilegea alipoona paa linazibwa bila mtu kunipigia simu. Na mimi nikifika sasa nakuta moshi jikoni na watoto wanacheza uani, jambo ambalo mlinzi peke yake hakuweza kunipa kwa malipo yoyote.

Ya Orlando ilihitaji akili zaidi. Kwanza niliacha kwenda kwa sababu tu "nimeshalipia". Ukienda mahali usipopataka ili kuokoa ada, umelipa ada na tiketi na chakula. Pili nikasoma mkataba, safari hii wote, nikakuta naruhusiwa kumpangisha mtu wiki yangu. Iko wakati wa likizo ya shule, kwa hiyo mara nyingi inarudisha ada nzima au karibu yote. Nisipompata mpangaji, naiweka kwenye mtandao wa kubadilishana. RCI ilianzishwa Indianapolis mwaka 1974 na mume na mke, Jon na Christel DeHaan, kwa kazi hiyohiyo: wewe toa wiki yako, chukua ya mwingine kwingineko. Siri iko kwenye kuwahi. Ukiiweka miezi tisa au zaidi kabla, wiki inapewa uzito wake wote. Ukichelewa, uzito unashuka. Wiki ina tabia ya ndizi za Soko la Chifu Kingalu: asubuhi watu wanazigombea, jioni mwenye mali ndiye anayembembeleza mteja.

Kosa ambalo sirudii ni kuigeuza wiki kuwa pointi za hoteli. Niliwahi kufanya hivyo mara moja. Wiki ya dola 1,190 ikanipa usiku mbili karibu na uwanja wa ndege, nasikia magurudumu usiku kucha.

Na ukipigiwa simu na mtu anayesema ana mnunuzi tayari wa wiki yako, anachohitaji ni ada ya kufungua faili tu, kata simu. Tume ya Biashara ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu juu ya hao kwa miaka mingi. Ni mzinga juu ya mzinga.

Sasa pointi za ndege, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike.

Machi 2019 simu iliita usiku. Mama mkubwa amefariki. Dada wa mama, kwa Mluguru, ni mama. Hakuna haja ya kuongeza neno. Tiketi ya usiku ule ilikuwa dola 2,900, na akaunti yangu haikuwa nazo. Nikakumbuka pointi za kadi ya benki, nikafungua: zimebaki elfu sita. Nyingine nilikuwa nimezitumia kununua blenda na kujipunguzia ada ya risoti. Nilikaa kwenye ngazi nikiitazama ile blenda jikoni. Mama mkubwa alizikwa siku iliyofuata baada ya adhuhuri. Niseme ukweli, hata ningepata tiketi nisingewahi. Kutoka Houston hadi Mzinga ni karibu siku mbili. Lakini ningekaa matanga. Ningemshika mama mkono. Nilifika siku ya arobaini, na mama aliniuliza habari za safari kama mgeni.

Tangu hapo nina akiba inayoitwa nyumbani kwetu maili za msiba, na mke wangu ndiye mwenye funguo. Haiguswi kwa blenda wala kwa Orlando. Naziacha ziwe pointi za benki, sizipeleki shirika lolote la ndege hadi siku yenyewe, kwa sababu ukishazihamisha hazirudi, na usiku wa simu hujui nani atakuwa na kiti. Pengine KLM kupitia Amsterdam, ambao maili zao ni Flying Blue. Pengine Ethiopian kupitia Addis Ababa; tangu 2011 wamo Star Alliance, kwa hiyo hata mwenye maili za United anaweza kupanda. Pengine Kenya Airways, waliomo SkyTeam tangu 2010. Angalia na fedha taslimu unazodaiwa juu ya maili, maana baadhi ya mashirika yanakupa kiti "cha bure" chenye kodi na tozo za mamia ya dola. Na angalia zinaoza lini: za Flying Blue hufa ukikaa miezi 24 bila safari au shughuli nyingine wanayoikubali, za Emirates zina miaka mitatu, za United hazifi tangu 2019.

Wengi wetu tunachagua ndege kwa idadi ya mabegi. Sitawalaumu, nami nimebeba sufuria na matairi ya baiskeli. Ila tiketi ya maili kwa kawaida inabeba mzigo sawa na ya fedha kwenye daraja hilohilo, na unaweza kumkatia mtu mwingine kabisa. Mwaka 2023 mama alikuja Houston kwa maili zangu, mabegi mawili yamejaa unga wa muhogo na mchele wa Mbeya, kana kwamba tunakufa njaa.

Tatizo ni Desemba. Wote tunataka Desemba, na viti vya maili vya Desemba vinaisha vikifunguliwa tu, karibu miezi kumi na moja kabla. Sisi tumehamia Julai. Mvua zimekwisha, Uluguru kuna baridi ya kujifunika shuka mbili, na watoto wa Houston wamefunga shule.

Mwaka huu tunakwenda wanne. Tiketi tatu ni za maili, moja ya fedha. Wiki ya Orlando imepangishwa kwa familia nyingine na ada imelipwa. Dar tutapanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, chini ya saa mbili badala ya ile nusu siku ya foleni za Kibaha na Chalinze. Daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 13,000, na pale dirishani hakuna anayekuuliza una pointi ngapi.

Na wewe uliyetoka kusaini Orlando wiki hii, ambaye mkeo alikugusa goti: tafuta kwenye mkataba ukurasa unaoeleza jinsi ya kufuta, fuata njia iliyoandikwa pale neno kwa neno, tunza risiti ya posta. Siku zinazohesabiwa ni za kalenda. Jumapili nayo imo.