Sare

Jumatano, 17 Januari 2024, usiku
Morocco tatu, sisi bila. Ndivyo tulivyoanza AFCON. Basi.

Kibanda umiza kilijaa mpaka wengine wakakalia madumu ya mawese. Mvua ikaanza kabla ya filimbi, bati likapiga kelele kumshinda mtangazaji. Nusu saa nzima tumekaza, nikaanza kujisemea: si ndio hawa waliofika nusu fainali Qatar? Mbona watu wa kawaida tu? Mdomo wangu huu. Faulo, Ziyech kapiga, kipa kautema, Saïss kausukumia ndani. Kipindi cha pili Novatus kadi nyekundu, zikaingia mbili nyingine, ya 77 na ya 80. Ya tatu sikuiona, nilikuwa nimeinama natafuta ndala.

Shemeji kabaki. Kwao Kongo wanaanza na Zambia saa tano. Nimemwacha anatafuna karanga, mguu juu, kama banda ni lake.

Alhamisi, 18
Moja moja. Sikumuuliza, lakini mluzi nimeusikia tangu kule njiani. Kafika kibarazani, katia cherehani mafuta, kafuta vumbi mpaka la upande wangu. Wissa hivi, Wissa vile.

Mama wa wale pacha kaja tena. Shule zimefunguliwa wiki iliyopita, watoto bado wanaenda na nguo za nyumbani. Nimemwambia kesho. Kaniangalia tu.

Ijumaa, 19
Kocha kafungiwa! CAF wamempa Amrouche mechi nane kwa maneno yake juu ya Morocco, TFF nao wakamsimamisha. Timu kapewa Hemed Morocco. Shemeji kacheka hadi kajichoma sindano. "Morocco amewafunga, sasa muko na Morocco kocha. Mutatokea wapi, bandugu?"

Hiyo lafudhi anaitoa kabatini akitaka kuniudhi. Siku zote anaongea kama sisi, na Kiha chake kinawashinda wanangu. Kavuka ziwa 1996 mgongoni kwa mama yake, Nyarugusu ndiko alikoota meno. Dada yangu alimwonea wapi, hawajawahi kuniambia vizuri, nami nimechoka kuuliza.

Sketi nne bado. Kitambaa cha bluu kimeniishia, Kasulu mjini wanasema mpaka Jumatatu.

Jumapili, 21, usiku sana
Usingizi hauji.

Dakika ya 11! Samatta kampenyezea, Msuva kaweka. Nimemkumbatia mtu nisiyemjua, kanilowesha jasho lake lote. Kabla ya mapumziko Kabwe wa Zambia kaonyeshwa njia. Wako kumi. Kumi! Nani anashindwa kulinda moja dhidi ya watu kumi?

Dakika ya 88, kona. Mpigaji nani? Chama. Chama wetu wa Simba, ambaye jina lake ninalo mgongoni kwenye jezi niliyoinunua kwa hela ya mbolea. Kaupiga, Daka kaupandia kichwa. Banda lilivyonyamaza, ukasikia jenereta nje linakohoa.

Njiani baba akatembea na fimbo yake, pole pole, mimi nammulikia na simu. Tumefika mtoni ndipo akasema: "Ndola, mwaka 79. Walikuwa wanatuongoza moja, Peter Tino akarudisha. Nao usiku ule walirudi nyumbani hivi hivi." Halafu akanihesabia kwamba hii ni pointi yetu ya kwanza AFCON tangu ile ya Nigeria, 1980. Kwamba nishukuru. Baba, leo hapana.

Na Kongo nao jioni wametoka sare na Morocco. Penalti wamekosa, bado wamesawazisha. Shemeji hana hata haya.

Jumatatu, 22
Kitambaa kimekuja. Kabla ya kukata nimechora kundi juu yake kwa chaki: Morocco 4, Kongo 2, Zambia 2, sisi 1. Keshokutwa ni sisi na Kongo. Tukishinda tunafika 4, halafu tunaomba Zambia wasishinde. Nimefuta, nimechora tena. Hesabu haibadiliki.

Tumewekeana: timu yake ikifungwa, anamalizia sketi zangu zote bure. Yangu ikifungwa, namshonea suruali za sekondari alizozikwepa tangu Krismasi. Dada kasema Jumatano hapiki. Mume huku, kaka kule, akampikie nani?

Alhamisi, 25, usiku wa manane
Bila bila.

Saa tano usiku mpaka hii saa saba, macho yamekuwa mekundu, na hakuna cha kuandika. Tumesukuma, wamesukuma. Dakika kumi za mwisho shemeji kanishika mkono hapa juu ya kiwiko, sijui kama alijua ni wangu. Alama za kucha zipo. Filimbi ilipolia hakushangilia. Kaachia, kasema, "Pole, kaka."

Zambia wamefungwa na Morocco. Kwa hiyo Kongo, sare tatu, hawajashinda hata moja, wanavuka. Sisi tuna sare mbili, tunapanda ndege. Ningekuwa na ile dakika ya 88 mkononi...

Kampigia mama yake. Kambini hawajalala, kelele zilikuwa zinatoka kwenye simu mpaka kwangu. Wameongea Kibembe, mimi nimedaka neno moja tu, "Tanzania", kalisema kwa sauti ya chini.

Alhamisi, mchana
Hakuna aliyefungwa, kwa hiyo hakuna anayemshonea mwenzie. Nimefika nimekuta kachukua sketi mbili, mbili kaniachia mezani zimekunjwa. Hatukusemeshana. Mashine tu.

Saa sita mama wa pacha huyo hapo mlangoni. "Fundi, sare?"

Shemeji, bila kuinua kichwa: "Sare, mama. Bila bila."

Mama hakucheka. Kavuta benchi, kaweka kapu chini, kasema leo haondoki.