Njia ya Mambrui na Thumni ya Mama



Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi si ndefu kiasi cha kumchosha msafiri. Ni kilomita 120 hivi, na mwenye haraka huimaliza kabla ya jua kupanda sana. Sisi tuliipa siku nzima. Tulikuwa watu 13 ndani ya gari moja: wazee watatu tuliosoma chuo kimoja Mambrui tukiwa wadogo, wake zetu, mjane wa mwenzetu wa nne aliyetangulia mbele ya haki, wanawe watano, na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa. Usukani alishika mwanawe mkubwa.

Nia yetu ilikuwa kulizuru kaburi la marehemu, kisha kulitazama shamba aliloliacha nje ya mji wa Mambrui, ekari nane za minazi na miembe. Dalali alikwisha kumpata mnunuzi. Wana wawili wa kiume walikuwa wamekubali bei. Mama yao na dada zao watatu walikuwa hawajaulizwa.

Tuliondoka baada ya Sala ya Alfajiri, kikapu kimejaa mahamri na mbaazi za nazi. Tulipouvuka mkono wa bahari wa Mtwapa tuliingia Jumba la Mtwana, mji wa mawe uliohamwa karne nyingi zilizopita. Msikiti wake mmoja umejengwa ukingoni mwa bahari, na kwa utulivu wa asubuhi ile mawimbi yalisikika hadi mihrabuni. Kando yake yapo makaburi, na moja limechongwa aya ya Qur'ani inayomkumbusha mpita njia mauti. Tuliwasomea Fatiha waliolala pale, ingawa majina yao hatuyajui.

Mbele ya hapo barabara hupita katika mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu baada ya safu, kisha huteremka Kilifi. Vijana walivuka daraja bila hata kupunguza maneno. Kwetu wazee mahali hapa pana mengi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, magari yalipanga foleni kungojea feri, na msafiri alishuka, akanunua madafu na korosho, akajuliana hali na watu asiowajua. Mwenzetu mmoja alikumbusha kuwa marehemu, siku tuliyorejea chuoni baada ya likizo, alizigawa korosho zake zote kwenye foleni ile, akafika Mambrui mikono mitupu. Wanawe walicheka, hawakuwahi kumsikia baba yao akielezwa akiwa mtoto. Tuliwanunulia korosho, tukaendelea.

Baada ya Matsangoni msitu wa Arabuko-Sokoke huandamana na barabara upande wa kushoto hadi karibu na Gede. Magofu ya Gede tuliyakuta katika kivuli cha miti mikubwa: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mjukuu aliuliza wenye nyumba walikwenda wapi. Tulimwambia kuwa wataalamu hutaja maji ya visima kupungua, na hofu ya vita. Akauliza tena: "Na nyumba walimwachia nani?" Bibi yake ndiye aliyemjibu: "Hawakumwachia mtu, mjukuu wangu. Ndiyo maana unaona popo."

Malindi tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kila moja rakaa mbili, kwani tulikuwa tumeupita masafa wa msafiri ambao wanazuoni wa Kishafii huukadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Watoto wengine hawakuwahi kuitumia ruhusa hii ya dini, na safari ikawa darasa lao. Kisha tulivuka mto Sabaki, ambao maji yake mekundu ya udongo huonekana yakiingia baharini, tukafika Mambrui, mji wa kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina.

Ziara ilipokwisha tulikwenda shambani. Kijana mkubwa aliiona minazi akasema, "Ami, ukweli hapa hapana faida. Nazi zinaibiwa, na sisi tuko Mombasa." Maneno yake hayakuwa ya upuuzi, ana ada za watoto za kulipa. Tulimjibu: "Mwanangu, kuuza si haramu. Lakini huuzi kisichokuwa chako. Baba yako hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walimtangulia. Basi mama yako ana thumni, na inayobaki ni yenu nyote, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja."

Hesabu tuliichora mchangani kwa kijiti. Ekari nane: moja ya mama, moja kwa kila binti, mbili kwa kila mwana. Mabinti waliinama kuitazama. Yule mdogo alitamka polepole kwamba alidhani wao hawana kitu pale. Kaka yake alinyamaza muda mrefu.

Mama aliulizwa ekari yake angeipenda iwe wapi. Alielekeza kidole kwenye kisima, ambako mwanamke mmoja wa jirani alikuwa akijaza ndoo. "Pale," akasema. "Mume wangu hakumzuia mtu maji, nami nataka niwe na haki ya kutomzuia. Nikijaaliwa nitakiweka wakfu."

Waliafikiana kwenda mahakama ya Kadhi kuandikisha warithi na mafungu yao, na dalali akapigiwa simu palepale aambiwe angoje. Kijana huenda akauza ekari zake mbili. Ni haki yake, na ameahidi kuwatangulizia ndugu zake kabla ya mgeni.

Ndugu msomaji, zipo familia nyingi za pwani yetu ambazo mali ya marehemu imelala miaka bila kugawanywa, na warithi wengine hawajapata hata kuiona. Likizo ikija, wapakie wazee na vijana pamoja, uwapitishe katika njia hii. Waonyeshe mipaka, waonyeshe makaburi, na wa kike wasiachwe nyumbani. Hesabu ya mirathi huchukua muda mfupi. Kinachochelewesha ni watu kutokutana mahali pamoja.

Mola awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amin.