Mzigo wa Nyumba na Chombo cha Kuubebea



Mwaka ukienda vyema na ghala likajaa, mkulima hukaa akajiuliza, Je, fedha hizi ninunulie nini? Huku kwetu Mitundu, katika Mkoa wa Singida, jawabu litanguliyalo midomoni mwa wengi ni trekta. Wala si ajabu. Nchi yetu ni ya mahindi, alizeti, tumbaku na asali. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukatika mwezi wa Aprili, na mwenye kuwahi kulima ndiye mwenye kutumaini kuvuna. Tena reli iko mbali nasi, huko Itigi, na kila kitokacho au kiingiacho huku sharti kichukuliwe njiani. Basi kuchagua chombo cha kuchukulia mizigo ni jambo linalogusa riziki ya nyumba nzima, na mwenye kuchagua vibaya huwalipisha wengi.

Baada ya mavuno mazuri, fedha zilizowekwa kwa misimu mitatu zilikuwa mkononi mwetu, na kaka yangu mkubwa akaleta shauri mbele ya jamaa. Alitaka tuuze madume wanne wa ng'ombe, tuongeze mkopo, tununue trekta kuukuu la magurudumu manne pamoja na tela lake. Hoja zake hazikuwa za kitoto. Alisema kwamba trekta litalima mapema, litasomba mavuno, kisha litakodishwa kwa majirani na kurudisha thamani yake. Mimi nilimheshimu kama ipasavyo mdogo kumheshimu mkubwa wake, lakini nikamwomba ruhusa ya jambo moja: kabla ya kupima mashine, tuupime mzigo wenyewe.

Kuomba hivyo kulikuwa na sababu. Jirani zetu wa Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, walishuhudia jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga kwa mashine, ikikusudia ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake zikiwa Tanganyika. Matrekta yaliletwa, mengi yakiwa masalio ya vita, mengine yamenunuliwa kuukuu huko Ufilipino. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama sakafu, na mizizi ya vichaka ikavunja majembe. Mvua nazo hazikuja kama ilivyoandikwa katika makaratasi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilikuwa yapata pauni milioni 36. Watu wale hawakupungukiwa na mashine wala fedha. Walipungukiwa na subira ya kuijua nchi kwanza, na kuwauliza waliozaliwa ndani yake.

Basi tulikaa barazani, tukachukua daftari, tukahesabu. Mavuno yetu ya mwaka ule yalikuwa magunia 60 ya mahindi, kila moja kilo 100, yaani kilo 6,000. Alizeti, ambayo ni nyepesi, ilikuwa magunia 40 ya kilo 60, yaani kilo 2,400. Jumla ni tani 8 na kidogo. Kaka akasema, "Umeona? Tani 8 hizi nani atazibeba?" Tukataka kufunga daftari, ndipo mama watoto, aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni, akauliza kwa upole, "Na maji mmeyaandika wapi?"

Hatukuwa tumeyaandika popote. Nyumba yetu ina watu 9, nayo hutumia madumu 8 ya lita 20 kila siku. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi ni kilo 160 kwa siku. Tukitoa miezi mitatu ambayo mvua hutujazia mapipa kwenye michirizi ya paa, zinabaki siku 270. Zidisha mwenyewe, ewe msomaji, utapata kilo 43,200. Tani 43! Zaidi ya mara tano ya mavuno yote tuliyokuwa tukiyajadili kwa fahari. Na kisima kiko mwendo wa kilomita moja na nusu. Kwenda na kurudi mara 8 ni kilomita 24 kwa siku. Zikigawanywa kwa mama na mabinti wawili, kila mmoja hutembea kilomita 8, nusu yake akiwa na kilo 20 juu ya utosi. Juu ya hayo kuna kuni, mizigo miwili kila wiki, ambayo kwa mwaka hupita tani 2 na nusu.

Mzigo mkubwa kuliko yote katika milki yetu ulikuwa ukipita mbele ya macho yetu kila alfajiri, wala hatukuuhesabu kuwa mzigo, kwa kuwa haukuwa juu ya vichwa vyetu wanaume. Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha pili, na mwalimu wake alikwisha kututumia habari mara mbili kwamba anachelewa na husinzia darasani. Sisi tulimlaumu yeye kwa uvivu. Daftari lilimtetea.

Tulipokwisha kuujua mzigo, ndipo tulipovipima vyombo kimoja kimoja, na kila kimoja nakieleza hapa ili msomaji anufaike.

Trekta la magurudumu manne lina nguvu nyingi, na tela lake huweza kuchukua tani kadhaa kwa safari moja. Lakini kwa nyumba kama yetu lingefanya kazi siku chache za kulima na chache za kuvuna, kisha lisimame. Hakuna atakayewasha trekta kila siku afuate madumu 8 ya maji. Dizeli ingekula faida yote. Na likiharibika katikati ya msimu, kipuri chake hakipatikani dukani kijijini.

Trekta ya mkono, ambayo wengi huiita pawatila, huwa na magurudumu mawili na mtu huishika kwa mikono. Ilipotangazwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, mashine hizi ziliagizwa kwa wingi nchini. Katika majaruba ya mpunga, mathalan huko Usangu, zimefaa sana. Lakini katika ardhi kavu na ngumu nguvu yake huwa ndogo. Ikifungwa tela hukokota mzigo wa kutosha, ila mwenye kuiendesha ajue hatari moja: kwenye mteremko, ukibana mkono wa kulia ili igeuke kulia, yaweza kugeuka kushoto, kwa kuwa tela linaisukuma kutoka nyuma. Haifai kumwachia mtoto.

Pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo wengine huiita guta na wengine toyo, ni nyepesi na ya haraka, na yafaa mahali penye barabara nzuri. Kwetu, njia ya kisimani ni ya mchanga, na magurudumu yake madogo huzama. Tena petroli hununuliwa kwa fedha taslimu, iwe mwaka wa neema au wa njaa.

Mwisho ni mkokoteni wa mnyama. Ng'ombe tulikuwa nao, na jozi moja hukokota mzigo mzito. Lakini mwisho wa kiangazi, wakati maji yanapohitajika zaidi, malisho huwa yamekwisha na ng'ombe wamekonda, na mvua ikianza wanatakiwa kwenye plau. Tena misituni huku kuna mbung'o, na ng'ombe wakipata ugonjwa wake hudhoofu. Punda huvumilia kiu na majani makavu kuliko ng'ombe. Punda mmoja akibebeshwa mgongoni huchukua madumu mawili au matatu tu, lakini wawili wakifungwa kwenye mkokoteni huvuta madumu 16, yaani kilo 320, ambayo ni maji yetu ya siku mbili kwa safari moja.

Likabaki jambo la mkopo. Riba sote tunaijua hukumu yake, na hapakuwa na mjadala. Kaka akataja njia ya halali, nayo ipo: katika murabaha benki hununua chombo chenyewe, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, ukalipa kwa mafungu, Amana Bank, iliyofunguliwa mwaka 2011, ni miongoni mwa wafanyao biashara hiyo hapa Tanzania. Lakini deni la halali nalo ni deni. Mvua ya Singida haimwekei mtu ahadi, na fungu la malipo haliulizi kama mvua ilinyesha. Kaka akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tuanze na kinachofanya kazi kila siku." Mkubwa akisema neno kama hilo, nyumba hutulia.

Tulinunua punda wawili, na fundi wa kuchomelea akatutengenezea mkokoteni kwa ekseli na matairi ya gari kuukuu, kwani gurudumu pana la upepo hupita mchangani kwa wepesi. Tulimtaka aweke ekseli karibu na katikati ya kitanda, mzigo uelemee mbele kidogo tu, mnyama asikandamizwe wala asinyanyuliwe. Punda hawakufungwa nira ya ng'ombe, kwa sababu punda hana nundu, naye hukokota kwa kifua. Mshipi mpana wa kifuani ndio umfaao. Maji tuliyaweka katika madumu yaliyojaa, kwa kuwa pipa lililojaa nusu huyumbisha mkokoteni. Na usiku hulala katika zizi lenye mlango wa kufuli, maana biashara ya ngozi imewafanya punda waibwe mahali pengi Afrika, hata Umoja wa Afrika ukapitisha mwezi wa Februari 2024 kuizuia biashara hiyo. Wala hatuwazidishii mzigo. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, lakini Mola wake anamwona.

Sasa nina neno kwa vijana. Mkokoteni ulipofika, wanangu wawili wa kiume waligombania hatamu. Maji yaliyokuwa "kazi ya wanawake" miaka yote yakawa kazi ya wanaume siku yalipopata magurudumu! Nilifurahi, kisha nikawauliza, "Jana yalipokuwa kichwani mwa dada yenu, hamkuwa na mikono?" Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na hakuna kati yetu aliye na heshima kuliko yeye. Msingojee gurudumu ndipo mwone mzigo wa mama zenu.

Kaka yangu bado anataka trekta, na huenda akawa na haki. Tumeanza kuzungumza na majirani sita ili tushirikiane, maana trekta lisilo na kazi ya kutosha katika nyumba moja laweza kuwa nayo katika nyumba saba. Tutakapofika huko tutafungua daftari tena, na safari hii mama watoto ndiye atakayeshika kalamu.

Nawe, ndugu uliye na fedha kidogo na haja nyingi, kabla hujaenda sokoni kutazama rangi ya chombo na sauti ya injini, waulize kwanza walio nyumbani ni nani anayebeba nini, mara ngapi, na umbali gani. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuyaona yaliyo mbele ya macho yetu. Amin.