Paipu gani ijenge rolikeji? Hesabu kwanza, kuchomelea baadaye

Leo tunaiweka programu kando kidogo, lakini hesabu zinabaki palepale.

Binamu yangu hapa Litein anajenga gari la rali kutokana na saluni kuukuu. Yeye ataendesha, mimi nitakaa kiti cha kushoto nikimsomea kona. Kwa hiyo swali la rolikeji kwangu si nadharia... ni shingo yangu!

Kwa wasioijua, rolikeji ni kizimba cha mabomba ya chuma kinachojengwa ndani ya gari ili paa lisitulalie likibingirika. Barabara za majani chai za Kericho na Bomet mnazijua: udongo mwekundu, mvua ya alasiri, mtaro upande huu na mteremko upande ule. Gari likiteleza, kubingirika si jambo la ajabu. Basi tuna machaguo matatu.

1. Paipu ya maji. Iko kila duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo binamu aliyoitaka. Nimemkatalia. Paipu hiyo imeundwa kuhimili maji yanayosukuma kutoka ndani, si kugongwa kutoka nje. Nyingi zina mshono kwa urefu wote, na hujui chuma chake kina nini. Hata saizi inapotosha: paipu ya "inchi moja na nusu" ina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Tena ikiwa imepakwa zinki, moshi wake humtia fundi homa, na zinki huacha vitundu kwenye kiungo.

2. Kromoli, yaani chuma chenye kromiamu na molibdenamu kidogo. Hii ndiyo wapenzi wa mbio huitaja kwa sauti ya heshima. Kweli ina nguvu zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja. Lakini watu husahau kitu kimoja: uzito wake kwa ujazo, na ukaidi wake wa kunyumbuka, ni karibu sawa na wa chuma cha kawaida. Faida ya uzito inakuja tu ukipunguza unene wa ukuta, na ukuta mwembamba hunyumbuka zaidi na hubonyea haraka. Pia kiungo chake kikipoa ghafla kinaweza kuwa kigumu na chepesi kupasuka. Karakana yetu iko wazi, na upepo wa huku mnaujua.

3. Chuma cha kaboni cha kawaida, kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Hiki ndicho kilichomo katika jedwali la FIA: kaboni isizidi asilimia 0.3, na nguvu ya kuvutwa isipungue megapaskali 350. Kikomo cha kaboni kina sababu: ikizidi, viungo vinakuwa vikavu kama biskuti.

Kwa tao kuu, lile linalopita nyuma ya viti, FIA inaruhusu milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0. Ipi bora? Nikaandika programu ya mistari kumi. Kanuni ni rahisi: chukua kipenyo cha nje kwa kipeo cha nne, toa kipenyo cha ndani kwa kipeo cha nne. Majibu:

- 45 kwa 2.5: kilo 2.62 kwa mita.
- 50 kwa 2.0: kilo 2.37 kwa mita, na inakataa kunyumbuka kwa asilimia 15 zaidi!

Yaani nyepesi zaidi na kaidi zaidi, chuma kilekile. Milimita tano za kipenyo zimetupa kitu ambacho jina zuri la aloi halitoi.

Ila msishangilie mapema. Ukuta mwembamba hujikunja vibaya kwenye mashine ya kupindia. Kanuni zinataka bomba lipindwe likiwa baridi, kwa nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba. Na likigeuka umbo la yai, upana mdogo usipungue asilimia 90 ya upana mkubwa. Kwa hiyo tutanunua kipande cha kila saizi, tupinde, tupime. Ya 50 ikifaulu, tunaichukua. Isipofaulu, 45 kwa 2.5, na uzito tutaubeba.

Nimemwambia binamu pia: bomba lisilo na cheti cha kiwandani haliingii garini, hata muuzaji aape vipi. Kuchagua chuma ni kama kuchagua maktaba ya programu: chukua ile iliyo na maelezo, ambayo fundi wako anaijua, na ambayo ikivunjika unajua itavunjikaje.

Amenung'unika kuhusu bei. Sawa tu. Yeye atashika usukani, mimi sina cha kushika!